Coppi Kanipanda Kichwani

Jamani, hapa Milano hakuna baiskeli kuukuu ambayo Fausto Coppi, bingwa wa Kitaliano wa mbio za baiskeli, hakuipanda. Marehemu yule alishinda Giro, mbio kubwa za Italia, na Tour, zile za Ufaransa, mwaka mmoja, 1949, juu ya Bianchi, baiskeli ya Kitaliano. Shujaa, sikatai. Lakini ukiwasikiliza wauzaji wa soko la mitumba, alikuwa anabadilisha baiskeli kuliko mie ninavyobadilisha soksi.

Nami nikanunua. Rangi yenyewe ile ya Bianchi, celeste, kama maji ya Pangani jua likiwa la utosi. Kibandiko cha Columbus, watengeneza mabomba ya fremu wa Kitaliano, na njiwa wake juu. Euro mia nne! Mama Zuhura nikamwambia themanini.

Nyumbani nikavaa miwani. Gia ya nyuma, Campagnolo, imeandikwa kwa herufi za chungu: PATENT-78, yaani mwaka 1978. Na Coppi kafariki Januari 1960. Sasa ama gia ilibadilishwa, maana hubadilishwa, ama marehemu alitoka kaburini kuja kuifunga. Nikajituliza: gia ni nguo tu, mwili ni fremu.

Basi ngoja nifungue vikombe vya beringi, pale pedeli zinapozungukia. Kibandiko anabandika yeyote, nasaba imo ndani ya hesi, ile mikato ya skrubu. Fremu ya Kitaliano, vikombe vyote viwili hufunguka kwa kuzungusha kushoto. Nikaanza na cha upande wa cheni, nikavuta kushoto. Kimya. Nikatia mafuta. Nikachomeka bomba kwenye mpini wa spana, nikamwita jirani yangu Mmisri, tukaning'inia wawili kama popo. Kiuno changu hadi leo hakijanisamehe.

Zuhura, miaka tisa, biskuti mdomoni: "Baba, umejaribu upande wa pili?"

Nikamfokea akasome. Alipoondoka, nikajaribu upande wa pili. Kikombe kikaja chenyewe, laini, kama kilikuwa kinangoja kuombwa.

Saa tatu nzima nilikuwa naikaza! Kikombe cha upande wa cheni kufunguka kwa kulia ni mambo ya Waingereza. Nikapima upana wa lile bomba la ekseli: milimita 68. Mtaliano ana 70. Nikakwangua rangi kidogo pale kwa njiwa, chini yake kikachungulia kibandiko kingine: Reynolds 531. Bomba zuri sana hilo, la Birmingham, Uingereza, wajuzi wanaliheshimu tangu 1935. Lakini mie nilikwenda kuposa Milano, nimeletewa bibi harusi wa Birmingham kajipaka poda!

Mzee aliyeniuzia nimempigia. Kasema Coppi alipenda sana vitu vya Kiingereza.

Jana narudi kazini, fremu iko katikati ya sebule, imeanikwa khanga mbili na sare za shule.

"Imara," kasema Mama Zuhura, anaipigapiga mgongoni. "Kwa themanini, wala si ghali."

Nikaenda jikoni kunywa maji.