Kochi la bure na king'ora cha Jumanne

Jamani watu wakisikia niko Marekani wanawaza maghorofa ya New York, mi niko Urbana, Illinois, mji wa chuo uliozungukwa na mahindi kila upande, Chicago mwendo wa saa mbili na ushee kwa gari. Maisha mazuri, ila kimya mpaka unamsikia jirani akipiga chafya. Na vitu vya bure sasa! Agosti mikataba ya nyumba ikiisha wanafunzi wanahama, wanaacha pembeni ya barabara meza, taa, mpaka kabati na hanga zake, ukipenda kitu unabeba, hakuna wa kukuuliza.

Basi bwana nkaona kochi. La kijivu, la watu watatu, halina hata doa, nkalilalia palepale barabarani kulipima. Nkampigia jirani yangu Mkongo (wako wengi huku na Kiswahili chao kitamu balaa), baba wa watu katoka shifti ya usiku macho mekundu, akaja, tukalibeba mpaka kwetu.

Kwenye kona ya ngazi likagoma. Mi juu navuta, yeye chini anasukuma, "Vuta ndugu, iko naingia!" wakati mi naona kabisa haliingii popote, mguu mmoja umekwama kwenye vyuma vya ngazi, mwingine umetoboa ukuta, wenyewe wa jipsamu. Mbele haliendi, nyuma halirudi.

Hapo ndo king'ora kikalia. Sio cha polisi, kile cha mji mzima, kinaanzia chini kinapanda mpaka meno yanauma. Kwenye semina ya wageni walitwambia tonado ikija shuka chini kabisa ya jengo, kaa mbali na madirisha. Sasa chini kwenyewe ni ng'ambo ya kochi! Yani chuo hiki kina shamba la utafiti la mahindi tangu 1876, mpaka maktaba wakaichimbia chini ya ardhi isije ikalitia kivuli, mahindi yamefikiriwa, mi nakufa na kochi la kuokota.

Nkaruka. Nkajichomeka kwenye uwazi kati ya kochi na dari, kichwa kikapita, mabega yakapita, mkanda ukanasa. Nang'ing'inia natoa shahada kwa sauti, jirani ananiangalia tu anajifuta jasho.

"Papaa kimbia!"

"Leo siku gani?"

"Jumanne!"

"Ya ngapi?"

Kumbe Illinois nzima kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, wanajaribu ving'ora. Mara bibi wa chini akatoka na kikombe cha kahawa, akakuta uso wangu unaning'inia juu yake, akasema "Ope, sori!" Ndo watu wa huku, unawazibia njia afu wao ndo wanaomba radhi. Akajibana ukutani akapita, mlangoni akageuka akanitakia siku njema.

Jirani akaleta bisibisi akafungua miguu ya kochi, nkatoka. Bila miguu lingepanda vizuri tu, ila mi nilishaapa. Tukalirudishia miguu yake kwa adabu, tukalipeleka barabarani. Halikumaliza hata saa, vijana wawili wa jengo la mbele wakalinyanyua wanaingia nalo ngazini. Jirani akafungua dirisha, "Mutoshe kwanza miguu yake!"

Wakatupungia mikono kwa furaha, wakaendelea kusukuma.