Tunaishi banda la uani na msingi bado, na sijutii

Mwezi wa nne mwaka huu ilipiga mvua usiku kucha, asubuhi mume wangu akaniita nje njoo uone mto. Maji yalikuwa yanashuka kutoka kwa jirani wa juu yanakatiza kiwanja chetu yanatokea barabarani, na pale pale yanapopita ndipo ramani tuliyoilipia hela inasema kuna chumba chetu cha kulala, ile master yenyewe. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa napiga hesabu ya nondo na simenti ambazo zingezama hapo.

Tunaishi Goba, Dar, kwenye banda, yaani kijumba tulichojenga nyuma ya kiwanja kabla ya nyumba kubwa, vyumba viwili na choo, watu watano. Kila mgeni anauliza lile lile, sasa kwanini msingebaki kwenye nyumba ya kupanga mjenge taratibu, mkimaliza ndio mhamie. Jibu la haraka ni kodi. Kimara tulikuwa tunalipa laki 3 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka ya miezi 6 kwa mpigo, yaani milioni 1 na laki 8, hujakaa sawa nyingine imefika, na mkihama dalali naye anakula ya mwezi mmoja. Banda limetugharimu milioni 9 na kidogo, ni kodi ya miaka miwili na nusu hiyo. Lakini kodi watu wote wanaijua, mimi ninachotaka kusema ni kwamba usichore ramani ya nyumba kwenye kiwanja ambacho hujawahi kulala.

Ile ramani yetu ya kwanza tuliipata kwa simu. Kijana alitutumia picha WhatsApp, tukapenda yenye sebule kubwa na vioo vya kutoka chini mpaka juu, tukalipa, faili likaja. Yeye hakuwahi kukanyaga hapa, na sisi wenyewe tulikuwa tumekanyaga mara nne tu, zote mchana na zote kiangazi. Kiwanja cha 20 kwa 30 ukikiona kiangazi unaona tambarare, kumbe kimelalia kona moja na masika ndio inakuonyesha.

Maji ni moja. Barabara yetu iko magharibi na vile vioo vyote vilikuwa vinatazama barabarani ili wapitao waone, sasa kuanzia saa 9 alasiri jua linapiga upande huo mpaka linazama, na mwezi wa kwanza na wa pili joto la Dar mnalijua, hapo ungewasha feni na AC na LUKU inakimbia mpaka unaogopa kuiangalia. Halafu kuanzia mwezi wa sita kusi ikianza upepo mtamu unaingia kutokea kule kwenye mwembe, na huko ndiko mchoraji alikoweka stoo na choo cha wageni. Yaani upepo wote wa bure ungepitia chooni kwanza ndio uje kutusalimia sebuleni.

Ubaya upo, sitadanganya. Watoto watatu wanalala chumba kimoja ambacho mchana ndio sebule, na mkubwa ni binti wa darasa la sita, tumemwekea pazia analifunga kama duka. Makochi tuliyaacha kwa dada yangu na panya wameshayafanyia kazi. Mwezi wa 12 mama mkwe alikuja kwa wiki mbili tukampa kitanda chetu, sisi godoro chini na watoto, na jamani kukutana na mkwe alfajiri mlangoni mwa choo uko na kanga moja, hilo halizoeleki.

Na kuna kosa tulifanya. Karo la choo tulilichimba ubavuni mwa kiwanja kwa sababu fundi alisema bomba litakuwa fupi, hatukufikiria lori la mchanga litapita wapi. Sasa lori haliwezi kufika nyuma, kila tripu inamwagwa mbele halafu vijana wanasukuma kwa toroli na toroli zinalipiwa. Kama unajenga banda, simama getini kwanza ujifanye dereva wa lori.

Watu wanachoogopa zaidi ni kwamba banda linageuka nyumba. Ni kweli, ng'ambo ya barabara kuna familia iko kwenye banda mwaka wa tisa, mtoto aliyehamia akiwa tumboni sasa anabeba begi la shule. Hela ya kodi isipolipwa inayeyuka tu, hujui imeenda wapi. Sisi kila tarehe ile ile ya kodi tunahamisha laki 3 kwenye akaunti nyingine, kana kwamba mwenye nyumba bado yupo, na tumeigusa mara mbili tu, ada na msiba. Kama huna nidhamu hiyo, au kiwanja hakina maji wala umeme, baki unapopanga, sikushawishi.

Mchoraji wa pili tulimwambia aje saa 10 jioni, sio asubuhi, akae kwenye kiti anywe chai jua limchome. Akahamisha sebule na baraza kwenda kwenye mwembe, vyumba vikapanda juu kidogo na njia ya maji ikaachwa iwe bustani. Michoro iko halmashauri tunasubiri kibali.

Jana mama mkwe kapiga simu anauliza chumba chake kiko upande gani. Nikamwambia kule kwenye mwembe mama, kwenye upepo. Akasema, na wale popo? Nikakosa jibu, maana alikuja msimu wa maembe na usiku aliwasikia mwenyewe.