Apofisisi: mfupa uliochipuka si uvimbe

Gusa nyuma ya sikio lako, chini kidogo. Utakuta nundu ngumu. Kila mtu anayo, na si ugonjwa. Wanasayansi huiita apofisisi, yaani sehemu iliyoota kwa asili kutoka kwenye mfupa wenyewe. Swali ni hili: kwa Kiswahili tulikope neno hilo lilivyo, au tutafute letu?

Neno ni la Kigiriki: apo ni "kutoka", fisisi ni "kuota". Mzizi huo ndio uliotupa pia fizikia. Galen, tabibu wa karne ya 2, alilitenga na epifisisi: apofisisi ni mfupa uleule uliojitokeza, epifisisi ni kipande kilichoungana na mfupa mwingine. Siku hizi mpaka umehama. Epifisisi ni ncha ya mfupa mrefu, ile ya kwenye kiungo. Apofisisi ni mahali kano zinapojishikiza, na haiuongezi mfupa urefu.

Wanaotaka neno libaki lilivyo wana hoja nzito. Mwaka 1903 madaktari Robert Osgood na Carl Schlatter, kila mmoja kivyake, walieleza maumivu ya chini ya goti kwa vijana wanaokua. Kano inayovutwa tena na tena kwa kukimbia na kuruka huumiza apofisisi ya muundi, ambayo bado haijakomaa. Daktari akiandika "nundu" tu, msomaji hatajua kama ni sehemu ya kawaida ya mwili au ni kitu kilichozuka.

Lakini hoja hiyohiyo inanifanya nisiridhike na mkopo. Mzazi akiambiwa mwanawe ana tatizo la apofisisi, haambulii kitu. Akiambiwa "uvimbe", anawaza saratani. Wapo wanaopendekeza "kichomozo". Nalo linaeleza umbo tu, halisemi kwamba kitu kimeota.

Mimi nachagua "chipuko". Linabeba yote mawili, kuota na kutoka kwenye shina lilelile, kama Kigiriki chenyewe. Wanajiolojia nao huita apofisisi ule ulimi wa magma (mwamba ulioyeyuka) uliopenya kwenye miamba jirani na kugandia humo. Hapo chipuko linayumba kidogo, maana mwamba hauoti, ingawa hata Wagiriki wangelazimika kusema kwa sitiari. Kwenye koni ya msonobari, ambako apofisisi ni sehemu ya gamba inayoonekana koni ikiwa imefumba, ugumu ni mkubwa zaidi: hakuna kinachochipuka. Huko ningeliacha neno la kigeni lifanye kazi yake, na chipuko nikaliweka kwenye chumba cha daktari, mbele ya mzazi mwenye hofu.