Watoto wa kusini wana msimu tayari, maputo ya nini?

Wazazi wenzangu wa Mtwara mjini naomba mnivumilie leo. Hii ya kuhangaikia bethdei ya mtoto wa miaka mitatu, keki ya ghorofa mbili, maputo, mtu wa mapambo, mtu wa mziki, alafu saa mbili usiku mwenye shughuli kashalala kwenye kiti na krimu mashavuni, mi siielewi kabisa. Sichukii bethdei jamani, wangu siku zao nawapikia pilau na watoto wa jirani wanakuja wanakula. Ila muulize mwakani anakumbuka nini, atakwambia puto lilipasuka, basi. Zile sherehe ni za kwetu sisi wakubwa na status zetu za WhatsApp.

Mtoto mdogo hajui Machi wala Desemba. Anajua embe limeiva, anajua mvua imenyesha, anajua huko kwa bibi mabibo, yale matunda ya mkorosho, yameanza kudondoka. Na anapenda jambo lijirudie vile vile, ukibadilisha kidogo tu anakukatalia. Sasa sisi wa huku mwaka mzima umeshapangwa na miti na bahari, kazi yetu ni kuchagua vitu viwili vitatu tu na kutoviacha.

Kwetu kikubwa ni korosho. Tunaishi mjini ila shamba la wazee liko Newala, na mabibo yakianza, mwezi wa tisa hivi au wa kumi, sheria ni moja, bibo la kwanza anaokota mdogo kuliko wote. Hata kama yuko mgongoni anashushwa, analishika kwa mikono miwili, analing'ata, sura inakunjamana kwa ule ukakasi, watu tunacheka mpaka basi, hapo ndo wengine mnaruhusiwa kuingia chini ya mikorosho. Hiyo sheria hatukuikuta, tumeitunga mimi na mume wangu, ila saivi wifi yangu mmoja anawasimulia wageni kwamba ni ya tangu enzi za mababu. Mi namwacha tu.

Na kuna fulana ya mabibo. Wazazi wa huku mnajua maji ya bibo yakikauka kwenye nguo, hata uloweke na jiki lile doa la kahawia halitoki, kwahiyo kila mtoto ana fulana moja mbovu ya kazi hiyo tu. Ya mkubwa ilipombana kairithi mdogo na madoa yake yote, na asikwambie mtu, ile fulana anaililia kuliko nguo ya Idi. Kuna siku niliificha nikampa nyingine safi, alikaa mlangoni kanuna mpaka baba yake akaitoa.

Jioni babu anachoma korosho za kula, na hapa watoto wanakaa mbali, sitanii. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na ule moshi mweusi sio wa kuvuta. Babu anaweka bati lake lenye matundu juu ya mafiga, anamwaga korosho mbichi, anakoroga na mti mrefu, mara zinaanza kutoa mafuta na moto unaruka wenyewe juu ya bati, watoto kule kwenye mkeka wanapiga kelele. Anazipindua chini anazifukia mchanga zipoe. Kugonga wanagonga wakubwa, mikono imepakwa majivu, na watoto wanapokea zile nyeupe na kugombania zilizotoka nzima. Zilizovunjika za bibi, anasema ndo tamu, sijui kama anasema kweli au anawahurumia.

Sasa kuna watu wakisikia msimu wanasikia mnada na hela tu. Sawa, hela ni muhimu, korosho ndo inalipa ada huku. Lakini mnaukumbuka ule msimu wa 2018, wanunuzi na serikali hawakuelewana bei, ikatangazwa kilo shilingi 3,300 na jeshi likaja kubeba mzigo, na wakulima wengi malipo yakawachelewa sana. Nyumba iliyozoea kwamba furaha ya watoto ni nguo mpya na baiskeli baada ya mnada, mwaka ule walikaa kimya. Mabibo hayakuchelewa hata siku moja. Ndo maana nang'ang'ania mila isiyosubiri akaunti isome.

Bahari nayo. Bamvua linakuja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanatoka mbali sana asubuhi kwenye saa nne hivi. Likiangukia wikiendi tunashuka Shangani na ndoo moja, tunachungulia vidimbwi, kaa wadogo wanakimbia, wanarudishwa wote majini kabla ya kuondoka. Njiani ming'oko, vile viazi pori vya huku kwetu, ya kuchemsha na chumvi ya pilipili, hiyo haijadiliwi. Gharama yote haifiki hata bei ya mishumaa ya keki.

Ramadhani wadogo wanafunga mpaka adhuhuri, kama tulivyofungishwa sisi, na mdogo kazi yake ni kugawa tende kabla ya mhogo wa nazi haujaguswa. Ninachopenda ni kwamba inarudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka, kwahiyo futari inabadilika na msimu. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena mwisho wa Desemba, yaani tutafuturu na embe dodo mpaka tuchoke.

Najua kuna watakaosema mila zetu zipo, jando na unyago, za nini hizi za kutunga. Sizipingi, zina wenyewe na zina umri wake. Ila ile ni mara moja, na mtoto wa miaka minne hana analofanya pale zaidi ya kusikia ngoma kwa mbali. Kumpeleka mapema eti na yeye asherehekewe, hapo sikubaliani na yeyote, awe shangazi awe nani. Mpe kwanza kitu cha umri wake.

Mwaka huu mume wangu anataka tuongeze siku ya kukamua maji ya mabibo, watoto wakamue wenyewe wanywe hapo hapo. Nimekubali kwa sharti moja, ndoo inamwagwa jioni ile ile, maana ikilala tu babu ana uraka wake kesho, ile pombe ya mabibo, na atasema ni wa watoto.