Urea kwa ng'ombe anayekula mabua: hofu ina msingi, faida nayo ipo

Wapo wafugaji wanaoitegemea urea, ile mbolea ya naitrojeni, kama nyongeza ya chakula cha ng'ombe kila kiangazi, na wapo wasiotaka hata kuisikia kwa kuwa imewahi kuua ng'ombe. Wote wana sababu.

Mabua na nyasi zilizokauka mara nyingi huwa na protini asilimia 3 hadi 5. Chini ya takriban asilimia 7, vijidudu vya tumbo la kwanza hukosa naitrojeni, nyuzi hukawia kumeng'enywa, na ng'ombe hula kidogo huku hori limejaa. Urea yenye naitrojeni asilimia 46 huziba pengo hilo kwa gharama ndogo: vijidudu huivunja kuwa amonia, huijengea miili yao, nao baadaye humeng'enywa na ng'ombe kama protini.

Tatizo ni kwamba urea haina nishati. Ikiliwa kwa wingi bila wanga au sukari, kama ya molasi, amonia huingia kwenye damu kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuiondoa. Ng'ombe hutetemeka, hutokwa povu, tumbo huvimba, na anaweza kufa ndani ya saa chache. Ndiyo maana isizidi asilimia 1 ya chakula chote kikavu, ichanganywe sawasawa, na mnyama azoeshwe kidogo kidogo kwa wiki 2 au 3. Ndama asiyecheua vizuri asipewe kabisa.

Kwa asiye na mizani, mimi naona mashudu ya pamba au alizeti ni salama zaidi ingawa ni ghali: yana nishati pia, na naitrojeni yake hutoka taratibu. Mwenye muda na nailoni ya kufunikia anyunyizie kilo 100 za mabua makavu urea kilo 4 iliyoyeyushwa kabisa katika maji lita 50, ayafunike wiki 3, kisha ayaanike harufu ipungue kabla ya kulisha. Kazi ni nyingi, lakini mabua yenyewe hulainika, jambo ambalo mashudu hayafanyi, na humeng'enyeka zaidi.

Monensini (dawa inayochanganywa kwenye chakula cha ng'ombe) na chachu zinanadiwa sana kama viongezi vya chakula. Monensini husaidia matumizi bora ya chakula, ila ni sumu kali kwa farasi na punda, na haimpi ng'ombe naitrojeni anayoikosa. Anayelisha urea aanze na madini ya salfa: vijidudu huhitaji sehemu 1 kwa kila sehemu 10 hadi 15 za naitrojeni, na urea haina salfa yoyote.