Mtawarira: Harare ilimlea, Durban ikamvuna

Tarehe 20 Juni 2009, Durban. Phil Vickery, bingwa wa dunia wa raga wa 2003 akiwa na England, alitolewa mapema kipindi cha pili. Kila skramu ilipofungwa, wanane wakisukumana na wanane, kijana wa jezi namba 1 wa Afrika Kusini alimnyanyua na kumrudisha nyuma. Springboks, yaani timu ya taifa ya Afrika Kusini, wakawashinda British and Irish Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland aliyoichezea Vickery, 26-21, na mchezaji bora wa mechi akawa Tendai Mtawarira, mzaliwa wa Harare. Haikupita muda, mwanzoni mwa 2010, serikali ya Afrika Kusini ikahoji: huyu anavaaje jezi ya taifa ilhali si raia?

Kwa kanuni za raga za wakati ule hakukuwa na kosa. Tofauti na soka, raga haikuulizi pasipoti. Kuishi nchini miezi 36 mfululizo kulitosha, mradi hujaichezea timu ya taifa ya kwingine. Wanasiasa hawakuridhika. Chama cha raga kikabanwa kisimchague mpaka apate uraia, naye akaupata mwaka huohuo. Zimbabwe ya wakati ule haikuruhusu uraia pacha, kwa hiyo pasipoti mpya ilikuwa na gharama yake. Watanzania hapo hawahitaji maelezo.

Hoja ya wanasiasa wale hupuuzwa upesi mno. Afrika Kusini ilikuwa ikipigania kuwafungulia vijana weusi milango ya timu iliyokuwa alama ya Wazungu kwa miongo mingi. Ukihesabu mchezaji mweusi aliyetoka Harare kama ushahidi kwamba mambo yamebadilika, kijana wa Eastern Cape, jimbo la Afrika Kusini ambako raga ya watu weusi ina mizizi ya zaidi ya karne, bado yuko nje ya mlango. Hilo ni swali halali. Kosa ni kumbebesha mzigo huo mchezaji mmoja ambaye hakuandika sera yoyote.

Lawama za upande wa Zimbabwe ni nyingine: tumemlea, wenzetu wakamla. Alisoma Peterhouse, karibu na Marondera, akaondoka akiwa kijana mbichi kwenda Sharks, timu ya Durban. Nchi iliyocheza Kombe la Dunia 1987 na 1991, kisha ikapotea, ingemhitaji mtu wa namna hiyo. Wala hakuwa peke yake. Tonderai Chavhanga na Brian Mujati nao walivaa jezi ya Springboks. Takudzwa Ngwenya aliangukia Marekani, na mwaka 2007 akampita Bryan Habana, winga wa Springboks aliyesifika kwa kasi, kwa mbio tupu kwenye Kombe la Dunia. David Pocock, mzaliwa wa Gweru, alipelekwa Australia na wazazi wake baada ya familia kupoteza shamba, akaja kuwa nahodha wa Wallabies, timu ya taifa ya huko. Hapo nami hushangaa: Pocock huhurumiwa, Mtawarira huitwa msaliti, ingawa wote wawili walikulia katika nchi ileile iliyokuwa ikiporomoka.

Wanaomtetea husema angebaki asingekuwa lolote. Wana ushahidi mzuri. Alifika Durban akiwa mchezaji wa safu ya nyuma ya skramu, mkimbiaji. Kocha wa Sharks, Dick Muir, ndiye aliyemhamishia mbele kabisa, kazi ya shingo na mgongo, na yeye mwenyewe hakuipenda mwanzoni. Kazi hiyo hujifunzwa kwa kupigwa na wakubwa wiki baada ya wiki, na wakubwa hao Harare hawakuwepo. Bila Durban hakuna mechi 117 za kimataifa. Hakuna pia Yokohama, tarehe 2 Novemba 2019, alipomkandamiza Dan Cole wa England skramu baada ya skramu, Afrika Kusini ikiichapa England 32-12 katika fainali ya Kombe la Dunia.

Kama bado una shaka, itazame Tunisia, Julai 2018. Wachezaji wa Zimbabwe walilala nje, kando ya barabara mjini Beja, wakipinga hali ya hoteli waliyopangiwa, siku chache kabla ya mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Kocha wao alikuwa Peter de Villiers, yuleyule aliyempa Mtawarira mechi yake ya kwanza ya Springboks mwaka 2008. Kocha mmoja, jezi mbili, na huku mabegi yako juu ya lami.

Kwa hiyo simlaumu. Lakini sikubali pia kwamba Zimbabwe haikupoteza kitu. Katika soka, sehemu ya ada ya uhamisho wa kimataifa hurudi kwa klabu zilizomlea mchezaji. Mtu anapolelewa na nchi moja na kuiletea nyingine kombe, ile ya kwanza inastahili zaidi ya kupigiwa makofi. Miezi 36 ilikuwa bei ya kutupa, na World Rugby, shirikisho la raga la dunia, yenyewe iliona hivyo ilipoipandisha kuwa 60.

Mabadiliko ya Novemba 2021 yana uzito zaidi kwangu. Sasa mchezaji anaweza kuhama mara moja kwenda nchi aliyozaliwa yeye, mzazi au babu na bibi yake, akikaa miaka mitatu bila mechi ya kimataifa. Tonga ilifaidika haraka: Charles Piutau na Malakai Fekitoa, waliokuwa All Blacks, timu ya taifa ya New Zealand, waliichezea kwenye Kombe la Dunia la 2023. Kwa Mtawarira kanuni ilichelewa. Kwa wanaomfuata haijachelewa, kwa sababu Julai 2025 mjini Kampala Zimbabwe iliifunga Namibia 30-28 na kukata tiketi ya Kombe la Dunia la 2027 huko Australia, la kwanza kwao tangu 1991. Kijana wa Harare aliyeko kwenye akademia ya Durban leo ana hesabu ambayo Mtawarira hakuwahi kuwa nayo: akikubali hata mechi moja ya Springboks kisha wakamwacha, kurudi nyumbani kutamgharimu miaka mitatu, na kombe lenyewe huja kila baada ya minne.