Msiunguze wimbo mkidhani mnaupasha moto

Juzi alinijia bibi mmoja wa taarabu, mtu wa Ngamiani, Tanga, ameanza kuimba hata mimi sijazaliwa. Simu mkononi. "Mwanangu, hebu nisikilizie. Hii ni sauti yangu?"

Nikasikiliza. Fidla zinakwaruza, akodiani imevimba, na kila penye "s" panachoma sikio. Kijana aliyemrekodi alimwambia ameweka saturesheni, yaani kuisukuma sauti mpaka ipindike kidogo, ili wimbo uwe na joto kama nyimbo za zamani. Niliumia. Shairi lile ni la mafumbo matupu, na fumbo likimezwa neno moja limekwisha.

Saturesheni naipenda na naitumia kila siku. Kanda ya sumaku ikizidiwa na sauti haikati vilele vya wimbi ghafla, inavipinda taratibu, na katika kupinda huko inazaa hamoniki, yaani noti za juu zinazozaliwa na noti ya asili: noti ya hezi 110 (mitetemo 110 kwa sekunde) inapata 330 juu yake. Vifaa vya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, aghalabu vinaongeza na 220, ambayo ni oktavu ya noti ile ile, ndiyo maana sikio linaipokea kama utamu. Joto tunalolisifu ni hilo tu.

Ugomvi wangu ni kuiweka juu ya wimbo mzima, tena kwa wingi. Ukipinda chombo kimoja, kinachozaliwa ni ndugu wa noti yake. Ukipinda vyombo vingi kwa pamoja, noti zinaanza kuzaana zenyewe kwa zenyewe. Fidla iko 440, akodiani 554: hapo zinatoka 114 na 994. Hiyo 114 hakuna mtu aliyeipiga! Hata kwenye kinanda huipati, imeangukia katikati ya vibonyezo viwili. Sasa jumlisha fidla tatu, udi, kinanda, besi na waitikiaji. Tope alilolisikia bibi limetoka hapo. Wimbo wa ngoma, besi na sauti moja unaweza kuvumilia. Taarabu haivumilii. Weka chombo kimoja kimoja, kidogo kidogo, na sauti ya mwimbaji iguse mwisho kabisa.

Na jamani, linganisheni ukubwa wa sauti kabla ya kusifu! Plagini, yaani programu za kompyuta za kubadilisha sauti, nyingi zinapandisha sauti, na sikio likisikia kikubwa linadhani ni kizuri. Shusha kinachotoka mpaka kilingane na kilichoingia, ndipo uwashe na kuzima.

Kwenye besi nakubali, maana watu wetu wengi wanasikiliza kwa simu. Noti ya 55 haitoki kwenye spika ile ndogo, lakini 110, 165 na 220 zikiwepo, sikio linaitambua besi.

Nyimbo za zamani wanazozitaja ndizo zinazonipa nguvu ya kusema. Vikundi vya Black Star na Lucky Star viliingiza magitaa ya umeme katika taarabu ya Tanga, na kwenye santuri zao mchakacho upo, lakini mwimbaji wao Shakila akiimba unapata kila neno. Joto lile halikumfunika.

Nilimwomba kijana mafaili ghafi, hana. Alirekodi saturesheni ikiwa imeshaingia ndani, haitoki tena. Kwa hiyo bibi anakuja Jumamosi kuimba upya, asubuhi, kabla bodaboda hazijajaa mtaani. Ameomba aimbe ameketi. Kiti nimeshakiweka, na maikrofoni nimeishusha.